Skrubu ya Shaba

Hapa Ibra, kitasa cha ghala langu la tende
kina skrubu nne: tatu za chuma, zimeshika kutu,
na moja ya shaba, nyembamba, meno yake si ya kazi hii.
Fundi aliyekuja mwaka juzi aliing'oa, akaigeuzageuza.
"Hii si ya mlango, mama."
Najua. Irudishe.
Ni ya darubini.

Ottavio Brenzoni, mwana wa mchoma mikate,
ulizoea kukesha kabla hujazijua nyota:
tanuri la baba lilitaka kuni saa nane za usiku,
nawe ukingoja unga uumuke
ukatazama juu, kwa kukosa la kufanya.
Ndivyo ulivyomwandikia babu wa mama yangu,
barua nne, Kiarabu cha kuokoteza,
na katika zote nne umelikosea jina lake.
Muhanna. Si Mahuna.

Ulikuja na ngamia sita Shawali ikielekea ukingoni,
na saa mbili zimelazwa kwenye pamba kama mayai,
kulingojea jua lichomoze na Zuhura usoni mwake.
Kama tone la wino, ulisema.
Muhanna akasema: kama nzi kwenye bakuli la samli.

Mchanga ukaingia. Saa zote mbili zikafa.
Usiku ule ukashuka hadi kwenye falaji, viatu mkononi,
ukamkuta amelala chali pembeni mwa mfereji,
jicho lake juu ya ukuta, ambako nyota ilikuwa ikitua.
Saa ngapi? ukauliza, na aibu ya mtu
aliyepotelewa na kitu alichoazimwa.
"Zimebaki athari tatu za shamba la Ghaya, yule mjane;
kisha maji ni ya msikiti."
Ukaandika hivyo hivyo kwenye daftari lako.
Athari tatu, mjane.
Siku yako huanzia usiku wa manane, kwa wafu;
yetu huanzia magharibi, watu wakiwa macho.

Kwa shukrani ukamwonesha nyota yake ndani ya kioo.
Akatazama. Akanyamaza. Akatazama tena.
"Ni mbili."
Pacha, ukasema, kama aliyempa zawadi.
"Miaka ishirini na sita nagawa maji kwa nyota mbili
nikidhani moja! Ipi hutua kwanza?
Na tone lililo katikati yao, nimemdhulumu nani?"
Ulicheka. Kisha hukulala.
Asubuhi ulimletea hesabu: zinazungukana, ndiyo,
lakini tofauti yake, hata kwa miaka mia,
haitoshi kulowesha kidole.
Muhanna alimpelekea Ghaya kikapu cha tende hata hivyo.

Jua lilichomoza, nawe ukamwona nzi wako.
Jicho la kulia ulililipa siku ile.
La kushoto lilikwenda polepole, huko kwenu,
kwenye orodha ya pacha mia mbili na kumi na saba
ambayo mwishowe Lucietta, dada yako, alikuwa akiisoma kwa sauti
nawe ukimsahihisha gizani.

Barua ya mwisho ni mwandiko wake.
Skrubu mliyoiokota, kaka anasema, kaeni nayo.
Anauliza: mjane hajambo?

Mimi nilizaliwa Unguja. Nilifika hapa na masanduku mawili,
nikachekwa sokoni kwa Kiarabu changu,
na hadi leo naota kwa lugha moja na kununua vitunguu kwa nyingine.
Zamu ya maji hunijia kwa simu: mlio, dakika, basi.
Lakini mwezi uliopita umeme ulikatika mji mzima,
simu ikazima, maji yakangoja mlangoni mwa shamba kama mgeni,
nami nikasimama na jembe, nimeinua uso,
sijui ile nyota ni ipi.
Niliita jirani. Hakujua.
Tulifungua tu, kwa kukisia,
na Mungu atusamehe kama lilikuwa la mtu.

Kila kiangazi shaba hulegea, chuma hakilegei.
Naikaza kwa kisu cha tende,
robo mzunguko,
haitaki zaidi.